Mtoto wa Mbale

Sehemu ya saba

Mkono wa Otiende bado uko juu kwenye ule mlango wa bluu wa Nkoma, mtaa wa mji wa Mbale, pale pale tulipomwacha Jumamosi iliyopita. Mlango umefunguliwa. Mwanamke amesimama kizingitini, ushungi begani, mwiko mkononi, na amekwisha kuyatamka yale maneno yaliyowafanya baadhi yenu mninunie wiki nzima.

"Mtoto? Mimi sina mtoto. Mimi na Sulait hatukuzaa."

Haya. Na wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea karibu, hutapotea.

Gordon Otiende ni Mkenya, Mjaluo wa Ugunja, na anaendesha bodaboda Jinja mjini, Uganda. Steji nzima, kijiwe chake cha boda, humwita Afande. Hajawahi kuwa askari hata wa kulinda duka. Kosa lake ni Kiswahili. Anakisema kwa sauti ya juu, moja kwa moja, kama alivyokisema kwao, na Jinja wako wazee waliokisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Akisema, "Twende, mama," mama anapanda boda ya jirani. Jioni anarudi chumbani kwake Walukuba, anapika ugali wa mtu mmoja, anaula akitazama ukuta.

Rafiki alikuwa naye mmoja tu. Sulait, Mgisu wa Busiu karibu na Mbale, Mwislamu, mtu wa vicheko, ambaye Kiswahili hakikumtisha. Alimwita Otiende "yaaya". Siku ya kwanza Otiende alikunja ngumi akidhani ameitwa mlea watoto, mpaka alipoelezwa kwamba kwa Kigisu ndiyo ndugu.

Leo asubuhi Sulait amekufa. Fuso moja lililokuwa likilipita jingine kwenye barabara ya Iganga, katikati ya mashamba ya miwa, lilimrusha na halikusimama. Otiende ndiye aliyemfikia wa kwanza. Kichwa kilikuwa wazi, bila helmeti, taya limevunjika, na kinywani yalibaki maneno mawili.

"Mtoto... Mbale."

Basi, roho ikatoka. Ukoo ukaamua azikwe leo leo kwao Busiu, baada ya alasiri. Na Otiende, kwa sababu ndiye pekee aliyesikia, akatangulia kuja Mbale ili huyo mtoto apate kumwona babake kabla ya udongo. Nyumba ya Nkoma aliijua. Sulait aliwahi kumwonyesha kwa kidole, bila kupunguza mwendo, akasema, "Pale anakaa mke wangu," na njia nzima iliyobaki hakucheka tena.

Sasa mke ndiye huyu, na mtoto hayupo.

"Wewe ni nani?" aliuliza mwanamke.

"Naitwa Otiende. Natoka steji ya Sulait, kule Jinja. Wewe ni shemeji Madinah?"

"Ndiyo mimi. Sulait amekutuma?"

Otiende alikuwa amelipanga jibu tangu Iganga. Akaliacha, akaonyesha kizingiti kwa mkono.

"Shemeji, naomba tukae kidogo."

"Sema hapo hapo umesimama. Watu ya Sulait wakija kwangu hawaletagi neno nzuri."

"Amepata ajali."

"Ako hospitali gani?"

Otiende aliitazama helmeti yake aliyoishika mkononi. Madinah naye akaitazama ile helmeti, kisha uso wa aliyeishika, na mwiko ukaanguka sakafuni ukatapakaza mchuzi.

"Lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi! Na sasa ni saa tisa! Busiu wanajua?"

"Wanajua. Kaburi linachimbwa."

"Na mimi hapana ambiwa?" Alijipiga kifua kwa kiganja. "Mimi na ndoa yake? Kwa sababu sikuzaa, hata kufiwa sifiwi?"

Akaketi pale pale kizingitini. Otiende, aliyetaka kukaa, akabaki amesimama kama aliyeshtakiwa. Alitamani kumwambia pole, lakini kila pole aliyoijaribu kichwani ilikuwa ndogo. Kutoka asubuhi hakuna aliyempa yeye pole hata moja. Alikuwa ameuosha uso wa rafiki yake kwa maji ya chupa, akaufunika kwa koti lake mwenyewe, na polisi walipokuja walimwuliza leseni.

Madinah aliinua kichwa. Machozi yalikuwa yamesimama. Mahali pake palikuwa na kitu kingine.

"Ngoja. Wewe hukuja kunipa habari. Umekuja kutafuta mtoto ya mume yangu. Alizaa na nani?"

"Sijui, shemeji. Alisema maneno mawili tu. Mtoto. Mbale."

"Alisema Mbale?"

"Nilimsikia kwa masikio haya."

"Hapana." Aliinuka. "Sulait hajawahi kuita hapa Mbale. Hapa kwake ni Nkoma. Kwa mama yake ni Busiu. Mtu ya hapa hasemi Mbale akiwa anakufa. Mbale ni neno ya wageni, ya makondakta."

"Labda maumivu..."

"Maumivu inasahaulisha mtu kwao?"

Otiende alifungua mdomo kujibu, na simu yake ikalia.

Simu ya Otiende hailii. Mlisome hilo vizuri. Hulia akipigiwa na mwenye nyumba, na mpaka jana ililia akipigiwa na Sulait. Namba hii hakuijua.

"Wewe ndiyo Otiende?" Sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyezoea kuita majina kwenye foleni. "Otiende ya helmeti mbili?"

"Ndiyo mimi. Nani mwenzangu?"

"Racheal. Afande Racheal ya magereza, Jinja. Simu ya Sulait imezimwa. Alinipa namba yako, akasema nikimkosa nipigie yaaya yake."

Yaaya yake. Sulait aliyasema hayo kwa mgeni, tena bila Otiende mwenyewe kuwepo.

"Afande, kuhusu Sulait..."

"Ngoja nimalize. Sisi ndani simu haturuhusiwi, nimetoka zamu saa hii. Nimeenda skuli kuchukua mtoto yangu. Mwalimu anasema leo hakumuona kabisa. Walifikiri anaumwa. Sulait alimpeleka wapi?"

"Mtoto wako? Sulait anahusikaje na mtoto wako?"

"Gari ya skuli imekufa tangu Jumatatu. Sulait ndiye anabeba Sheryl, skuli iko njia ya Iganga. Ako na miaka sita. Jana nilimwambia, Sulait, kesho bila helmeti mtoto hapandi. Basi leo amekuja nayo. Nyekundu, kubwa, imemeza mtoto mpaka shingo. Nilicheka mimi mwenyewe."

Nyekundu.

Sasa mniruhusu nisimame kidogo kwenye hiyo helmeti, kwa sababu mwezi mzima mmekuwa mkiniuliza ina kazi gani katika hadithi hii. Otiende alikuwa nazo mbili. Nyeusi yake, nyekundu ya abiria. Ile ya abiria hakuna aliyewahi kuivaa. Kina dada walisema itaharibu nywele, wanaume walisema ina jasho la watu, ingawa haikuwa na jasho la mtu yeyote. Steji ilimcheka. Sulait, mcheshi wa kwanza, aliibatiza Yatima. Na leo asubuhi huyo huyo Sulait alinyoosha mkono akasema, "Yaaya, niazime Yatima." Otiende alifurahi mno asiulize ya nini.

Kisha akamkuta barabarani kichwa wazi. Akadhani helmeti imeokotwa na wezi.

Alishika fremu ya mlango. "Afande. Nijibu hili moja. Mtoto hukaa wapi kwenye pikipiki?"

"Mbele, kwa tangi. Sulait hataki akae nyuma, anasema akisinzia ataanguka. Kwa nini unauliza?"

Mbele.

Herufi moja, ndugu zangu. Taya lililovunjika halichagui irabu. Sulait hakuwa na mtoto Mbale. Sulait alikuwa na mtoto mbele. Alikuwa akimwambia rafiki yake atazame mbele ya pikipiki, kule alikorushwa mtoto, hatua chache tu kutoka pale alipopiga magoti. Na rafiki yake akawasha pikipiki akaja wilaya nyingine.

Madinah alikuwa amesikia yote, simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Alifunika mdomo kwa ushungi.

"Otiende!" Racheal alipaza sauti. "Nakuuliza, mtoto ako wapi?"

"Afande, Sulait amekufa. Aligongwa asubuhi, barabara ya Iganga, kwenye miwa."

Racheal alihesabu kwa sauti ya chini, kutoka asubuhi mpaka saa tisa.

"Na Sheryl?"

"Sikumwona. Sikujua kuna mtoto. Sikutazama mbele, afande, nilimtazama yeye tu."

Hakulia. Hakutukana. Alisema, "Natafuta gari," akakata.

Alilazimika kutafuta gari kwa sababu leo Jinja haikuwa na boda. Zote zilikuwa kwenye msafara. Ndivyo wanavyozikana wale. Mmoja akifa, steji nzima humsindikiza mpaka kwao, matawi yamefungwa kwenye usukani, honi hazinyamazi, wanne wanne sambamba barabarani, kichwa wazi, mwingine amesimama juu ya kiti mikono hewani. Wanamlilia aliyeuawa na barabara kwa kuitukana barabara usoni. Otiende aliwahi kwenda na misafara mitatu nyuma kabisa, peke yake, na helmeti kichwani, na kila mara waliona ni dharau.

Alimpigia Arnold, mwenyekiti wa steji.

"Arnold! Geuzeni! Kuna mtoto kwenye miwa!"

Honi tupu. Injini. Watu wanaimba.

"Nani? Afande? Tumefika Tirinyi, nusu ya njia imepita! Umepata mtoto?"

"Mtoto yuko kwenye miwa! Pale pale pa ajali! Rudini, au mpigie mtu yeyote aliyebaki!"

"Mtoto? Umempata mtoto?"

"Sikiliza, Arnold..."

"Jameni!" Arnold alikuwa akiwapigia kelele wenzake sasa. "Afande amempata mtoto ya Sulait!"

Na honi zikalipuka kwa furaha, mamia yake, zikamshangilia Otiende kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka wa Busia. Akakata simu. Alikaa chini kizingitini, pale alipokuwa amekaa Madinah, akashika kichwa chake. Kurudi Jinja kwa pikipiki angefika jua linazama. Alikuwa mbali na kila kitu kilichomhusu.

"Usilie," alisema Madinah, naye analia. "Ukilia hutasikia simu."

Ililia.

"Niko kwa barabara," alisema Racheal. Nyuma yake mlango wa gari uligongwa. "Tonny, dereva yetu, ananiendesha na gari ya magereza. Miwa ni mingi. Inafanana yote. Niambie ni wapi."

"Kuna daraja dogo, kingo zake nyeupe?"

"Tumepita... ndiyo. Nimeona."

"Baada yake tafuta mchanga uliomwagwa kwenye lami. Mimi niliumwaga, kufunika damu."

Alisikia viatu vya askari vikikimbia. Otiende alifumba macho ili aione ile barabara.

"Mchanga ni huu," alisema Racheal. Sauti ilianza kupasuka. "Otiende, hapa hakuna mtoto."

"Simama juu ya mchanga. Ipe Jinja mgongo. Sulait alikuwa anatoka huko, aligongwa kwa nyuma. Sasa nenda mbele."

"Mbele kuna mtaro."

"Uvuke. Mbele, afande."

"Ni miwa tu. Inanikata uso. Sheryl! Sheryl!"

"Mbele zaidi."

Miwa ilisikika simuni ikivunjika na kujifunga tena. Madinah alikuwa amechutama karibu na ile simu, midomo yake ikienda kwa dua.

Racheal alitoa mlio mfupi.

"Helmeti," alisema. "Iko hapa chini. Imepasuka upande mmoja."

"Na mtoto?"

"Tupu. Iko tupu, Otiende."

"Tazama mkanda wa kidevuni. Umekatika?"

"Haukukatika. Umefunguliwa."

Otiende alisimama wima. Klipu ya Yatima ilikuwa ngumu tangu dukani. Yeye mwenyewe, na vidole vyake vya mtu mzima, huifungua kwa kuibana na kidole gumba mpaka kinauma. Mtoto wa miaka sita haifungui. Mtoto aliyezimia haifungui.

"Afande, kuna mtu amemtoa."

"Nani? Asubuhi ulikuwa hapa, uliona nani?"

Na hapo ndipo ilipomrudia asubuhi ile, msomaji, na iliporudi ilikuja yote.

Palikuwa na watu. Wanawake wa vibarua, wametokeza kwenye ukingo wa miwa, wanachungulia. Yeye alikuwa amepiga magoti na kichwa cha Sulait mapajani, mikono yake myekundu mpaka kwenye viwiko, na aliwaita. Aliwaita kwa lugha pekee aliyokuwa nayo, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. "Wewe! Simama hapo! Njooni hapa! Msiondoke!"

Wakatawanyika kama waliosikia risasi. Mmoja wao, mwanamke mwenye gauni la gomesi la manjano, alitokea mbele kidogo ya wenzake, akakimbia ameinama, akikumbatia kifuani kitu alichokifunika kwa kanga.

"Nilidhani ni miwa ameiba," alisema Otiende. "Afande, Mungu wangu, nilidhani ni miwa."

Aliposimulia, Racheal aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini.

"Uliwaita na lugha gani?"

"Kiswahili."

Hakumlaumu. Naye maisha yake yote ya kazi alikula kwa Kiswahili hicho hicho, na Sheryl, mtoto wa kota za magereza, alikuwa hajui kingine.

"Hapa nyuma ya miwa kuna nyumba," alisema mwishowe. "Nimegonga zote. Kimya. Wanaona yunifomu, wanaona gari, wanasikia mdomo yangu. Kuna mlango moja ndani naona moto umewashwa, lakini hawafungui. Nikivunja, watatokea nyuma na mtoto yangu. Otiende, mimi sina lugha ya hawa watu."

"Wala mimi," alisema Otiende.

Hapakuwa na mtu mwingine wa kumpigia. Alikuwa ameishi Jinja miaka yote hiyo, na hakuwa na mtu mmoja wa kumwambia nenda kanisemee.

"Nipe simu," alisema Madinah.

Alikuwa amejifuta uso na kujifunga ushungi vizuri, kama anayekwenda kuonekana na watu.

"Mimi ni Msoga wa Bugembe, huko huko Jinja, kabila moja na hao. Ndiyo maana Busiu hawanipendi, hata kabla ya mambo ya uzazi. Nipe simu, shemeji."

Shemeji. Otiende akampa.

"Afande? Mimi ni mke ya Sulait. Toa sauti yote ya simu, halafu iweke karibu na huo mlango. Wewe usiseme. Rudi nyuma, ukae chini kwa udongo."

Kisha Madinah akaanza kusema na mlango uliokuwa Jinja. Alisema Kisoga, taratibu, bila kuamuru. Otiende aliambulia neno moja tu lililojirudia, omwana, omwana, yaani mtoto, na jina la Sulait, na mara moja sauti ya Madinah ikakwama, akameza mate, akaendelea. Mwanamke aliyefukuzwa Busiu kwa kukosa mtoto alikuwa akimwombea mtoto wa mwenziwe, na mumewe mwenyewe hajazikwa.

Komeo likalia upande wa pili.

Sauti ya kike, yenye woga, iliuliza kitu kifupi. Madinah aliziba simu kwa kiganja, akamgeukia Otiende.

"Anauliza kama yule mwanajeshi ya asubuhi ako hapo. Anasema akiwa hapo hafungui."

Otiende alifungua mdomo. Alikuwa na mengi ya kusema. Kwamba hakuwa mwanajeshi. Kwamba yule aliyekuwa mapajani mwake alikuwa ndugu yake, na alikuwa akiomba msaada tu.

Madinah aliweka kidole midomoni mwake mwenyewe, akamtazama kwa huruma.

Otiende akaufunga mdomo. Akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa pikipiki yake nje ya ua, ambako hata pumzi yake isingeingia kwenye ile simu. Jambo pekee alilobakiwa nalo la kumfanyia mtoto yule lilikuwa kutokuwepo.

"Hayuko," alisema Madinah kwa Kisoga, akitikisa kichwa, na hilo Otiende alilielewa.

Kwa mbali, upande wa barabara kuu, honi za msafara zilianza kusikika zikiingia mjini na Sulait wao. Otiende aliona bega la Madinah likiinuka, likatulia. Aliona mkono wake ukiishika simu kwa nguvu zaidi.

Kule Jinja mlango ulikuwa umefunguka. Hapakuwa na kelele wala kilio. Ilisikika sauti ya Racheal tu, ile sauti ya foleni, ambayo sasa haikuwa na ukavu wowote, ikiliita jina la mwanawe mara moja, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto anayepumua usingizini.